Uso wa Shafii Ukutani

Mtu mwenye akili haendi mwaloni Rumonge asubuhi na gauni jipya. Kaoutar alikuwa na akili nyingi, lakini gauni lile alilishona mwenyewe, na gauni ambalo halijaonwa na watu ni kitambaa tu. Lilikuwa la kitenge cha zambarau chenye maua meupe, limebana kiunoni, limefunguka chini ya magoti. Mtandio aliufunga kwa nyuma, pete za masikio zikabaki nje zionekane. Mkononi alikuwa na chupa ya uji wa mama yake mdogo, Mama Mariyamu, aliyekuwa akianika ndagala, dagaa wa ziwa, pale tangu Kaoutar hajazaliwa.

Mitumbwi ilikuwa imeingia. Wachuuzi waligombania beseni, wapagazi walipiga kelele "Pisha! Pisha!", maji ya samaki yalitiririka miguuni mwa kila mtu. Kaoutar alikuwa akiruka kidimbwi kimoja kwenda kingine, ameinua pindo kwa vidole viwili, mara mwanamume mmoja mwenye mota ya boti begani akageuka ghafla. Mafuta meusi yakamchora Kaoutar mstari mmoja mrefu, kuanzia begani mpaka kiunoni.

"Yoo! Samahani, dada. Sikukuona."

"Hukuniona? Gauni lote hili hukuliona? Macho umeyaacha ndani ya ziwa?"

"Gauni nimeliona. Ndiyo maana nimegeuka."

Wachuuzi wawili wakacheka. Kaoutar hakucheka.

"Nitalifua," alisema yule mwanamume. Alikuwa mrefu, kifua kimejaa, shati limefungwa kiunoni kama mkanda.

"Kwa mikono hiyo? Ukilifua litatoka jeusi lote. Angalau litakuwa rangi moja."

"Basi niambie unakaa wapi, nilete sabuni."

"Sabuni inauzwa hapo nyuma yako. Hujaambiwa nyumba yangu ni duka."

Kabla hajajibu, mvuvi mmoja mzee, Leonidasi, alifika akihema. "Shafii! Mota yangu vipi?"

"Imekufa, mzee."

"Imekufa namna gani? Jaribu tena. Franga ninazo, nikupe sasa hivi."

"Usinipe. Nitakuwa nimezila tu. Kujaribu naweza, lakini kupona haitapona. Tafuta nyingine, mimi nitakuja kuiangalia kabla hujanunua, wasikupige."

Mzee alisimama pale kama aliyefiwa, kisha akamshika Shafii mkono. "Murakoze, asante, mwanangu." Akaenda zake.

Mabega yale hayakuwa mabaya, Kaoutar asingesema uongo. Lakini kilichomnasa lilikuwa neno lile moja: imekufa. Mji mzima ulikuwa umejaa mafundi wa kusema "rudi kesho". Huyu alikataa franga zilizokwisha kutolewa mfukoni.

"Nyuma ya soko," alisema, akijifanya anaangalia doa. "Uliza fundi nguo Kaoutar. Na sabuni iwe ya maana."

Sabuni ilikuja, doa halikutoka, Shafii akaendelea kuja. Alipokuwa hayupo, simu ilikuwepo.

"Halo, fundi nguo."

"Nani mwenzangu?"

"Mchafuzi."

"Wachafuzi ninao wengi. Jitaje kwa kosa."

"Yule wa zambarau, sheri wangu. Nimeona kitenge hapa, cha kijani, kina ndege. Nikachukua?"

"Ndege wanatazama juu au chini?"

"Ngoja niwaangalie... Chini."

"Acha. Ndege wa kutazama chini ni wa wajane."

"Basi nitatafuta wa kutazama juu, hata kama ni Uvira."

Mambo yakaenda hivyo mpaka masika yakaisha. Wazee wa Shafii waliahidi kuleta posa kwa baba mkubwa wa Kaoutar, mzee Ramazani, ambaye ndiye aliyemlea baada ya baba yake kufariki. Ilibaki Shafii amalize kazi ya mota huko Kabonga, karibu na mpaka, ambako wenye boti walimwita kwa sababu wote walikuwa wamechoka na "rudi kesho".

Alikuwa hukohuko Kabonga uso wake ulipotokea ukutani Rumonge.

Kaoutar aliuona asubuhi alipokwenda kununua uzi. Ukuta wa soko ulikuwa umebandikwa picha kubwa, kubwa kuliko mlango: Shafii, meno yote nje, amevaa fulana ya kijani, ameshika simu ambayo si yake. Chini yake maneno mekundu: MIMI NAIJUA ALAMA YANGU YA MKOPO. NI BURE! NA WEWE? Juu kabisa jina la kampuni: Alama Yangu.

Kwanza alijivuna, na hilo lisifichwe. Alisubiri watu wapungue, akausogelea ukuta, akaigusa pua ile kwa kidole. Kisha akaondoka haraka kama mwizi.

Kando ya picha ulisimama mwavuli, na chini ya mwavuli alikaa agenti aliyetoka Bujumbura, kijana mmoja aitwaye Éphraïm, viatu vyake vimechongoka mbele kama mdomo wa mtumbwi. Alikuwa na kipaza sauti, na alikitumia kana kwamba Rumonge nzima ni viziwi. Alisema alama ya mkopo ni namba inayoonyesha kama mtu ni wa kuaminiwa akikopa. Mwenye namba kubwa, milango ya krediti inamfungukia. Na namba hiyo, ndugu zangu, mama zangu, ni bure, bure, bure!

Kelele zile zisingewatisha wanawake wa mwaloni. Wao wamezoea watu wa mwavuli. Kilichowaingiza ni uso.

Maana pwani hii ina kawaida yake, na kampuni haikuijua wala haikujali kuijua. Mchuuzi mgeni akifika mwaloni, hapewi samaki kwa ahadi ya kulipa jioni mpaka mtu anayefahamika asimame mbele za watu aseme, "Huyu namjua." Akishasema, amekuwa mdhamini. Mgeni akikimbia, watu hawamfuati mgeni. Wanakwenda kugonga kwa yule aliyefungua kinywa. Hakuna karatasi, na haijawahi kuhitajika. Basi wanawake walipomwona Shafii ukutani, mdomo wazi, hawakuona tangazo. Walimwona Shafii amesimama mbele za watu akisema, "Hii naijua."

"Kama ni Shafii amesema bure, basi iko bure," alisema Mama Mariyamu, akimpa Éphraïm simu yake. Alikuwa anataka mkopo atengeneze vichanja vya waya, aache kuanika ndagala kwenye mchanga ambao wateja wanaukuta kwenye meno.

Namba yake ilikuja papo hapo: mia saba arobaini. Éphraïm akampigia makofi. Kwa siku kadhaa mwaloni haukukalika.

"Usinisukume," Mama Mariyamu aliwaambia wapagazi. "Unamsukuma mia saba arobaini."

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto wa chai, aliifungua simu akaitazama namba yake, kama mtu anayemjulia hali mkwe. Halafu ile hela ya matumizi aliyotumiwa na mwanawe kutoka Bujumbura ikawa inaingia simuni kamili na kulala pungufu. Yeye aliiona asubuhi tu, akadhani mwanawe ameanza uchoyo. Alimpigia, wakagombana, kijana akalia akiapa ametuma yote. Alipofikiri sana, Mama Mariyamu akavaa kanga zake mpya akaenda ofisi ya mikopo, simu mkononi kama cheti.

Karani aliitazama ile namba, akaitazama tena.

"Mama, hii sisi hatuitumii."

"Mia saba arobaini hiyo, mwanangu. Angalia vizuri."

"Nimeangalia. Hata ingekuwa elfu. Sisi tunaangalia kazi yako, na watu wa kukudhamini. Hii namba sijui imetoka wapi, ila naona hapa kila wiki inakukata hela."

Alirudi nyumbani, akalala akiugeukia ukuta. Kaoutar alimkuta hivyo, kanga mpya bado mwilini. Ilibidi amsubiri mpaka alipoeleza yote, neno moja moja, kama mtu anayetoa miba mguuni.

Neno la mwisho lilipotoka, Kaoutar alikuwa ameshainuka. Alikwenda mwavulini.

"Amahoro, dada mrembo!" alisema Éphraïm. "Leo umekuja kujua alama yako?"

"Alama yangu naijua. Nimekuja kujua yako. Mama yangu mdogo mnamkata kila wiki kwa nini?"

"Aa, hilo si kukatwa, dada. Hiyo ni ulinzi wa alama."

"Mlisema bure."

"Alama ni bure. Ulinzi ndio wa kulipia. Siku za mwanzo tunampa mteja zawadi. Zikipita, mteja asiposema hapana, amesema ndiyo."

"Hakusema kitu. Hakujua hata kama ameulizwa."

"Eeh, ndiyo. Akinyamaza amekubali. Imeandikwa."

"Wapi?"

Éphraïm aliinuka akaonyesha kwa ukucha wa kidole cha mwisho, chini kabisa ya picha, karibu na ardhi mbwa wanakokojoa. Palikuwa na mstari wa herufi ndogo kama mayai ya chawa, tena kwa Kifaransa.

"Na ofisi ya mikopo wanasema namba yenu hawaijui."

"Alama yetu ni ya kumwelimisha mteja, ajijue. Hakuna mahali tumesema ofisi wanaitumia."

"Mmeandika alama ya mkopo!"

"Ni jina tu, dada. Hata mimi naitwa Éphraïm, jina la kabila la Israeli, na si Mwisraeli." Alicheka peke yake. "Chukua fulana. Ya kipimo chako iko."

Mwizi wa kuku ana adabu yake: huja kimya, na akionwa hukimbia. Huyu alikuwa amefungua mwavuli, akakaa chini yake, akawaita kuku waje wenyewe, na walipokuja akawaambia kunyonyolewa ni elimu. Kaoutar alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia, akaona hakuna mahali pa kutemea mate pasipokuwa uso wa Shafii nyuma yake. Akameza.

Alipiga simu akiwa bado amesimama kwenye jua.

"Sheri! Leo umeniwahi. Unajua nilikuwa nakuota..."

"Uso wako uko ukutani."

"Nini? Mtandao hapa ni mbaya."

"Uso wako! Ukutani! Sokoni!"

Upepo wa ziwa ulivuma ndani ya simu, kisha kicheko. "Kumbe walinibandika kweli! Nimetoka vizuri?"

"Umetoka vizuri sana. Kama mbuzi wa sadaka."

"Kaoutar, mbona..."

"Walikupa nini?"

"Nani?"

"Usiniulize nani. Walikupa nini, uwakopeshe uso?"

Kimya. Kilikuwa kimya cha mtu anayeona haya, lakini Kaoutar alikisikia kama kimya cha mtu anayehesabu.

"Ni jambo dogo, mupenzi. Nitakueleza nikirudi."

"Jambo dogo," alirudia Kaoutar taratibu, akakata.

Maneno mawili tu, lakini yalimkaa kifuani kama mfupa wa samaki kuhe. Jambo dogo! Na Mama Mariyamu amelala akiugeukia ukuta. Alianza kuona vitu. Shafii alikuwa amesema harusi haitakawia, kuna mambo yanakwenda vizuri. Mambo gani? Pikipiki? Mota mpya? Kila alichowaza kilikuwa na rangi ya kijani ya fulana ile.

Wanawake nao hawakusubiri. Hawakwenda kwa Éphraïm, maana Éphraïm hakuwa na mtu aliyemjua. Walikwenda kwa mdhamini, na mdhamini alipokuwa hayupo, walikwenda kwa mchumba wake. Walisimama mbele ya cherehani, mikono kiunoni.

"Mwambie mume wako ametula."

"Hajawa mume wangu."

"Basi una bahati. Sisi tumeshaliwa."

Jioni mzee Ramazani alimwita ukumbini. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo aliyatoa kama anayeyanunua. "Posa isimame," alisema. "Mtu anayesimamia uongo mbele za watu, binti yangu nitamkabidhije?"

Kaoutar hakumtetea. Hilo ndilo lililomuuma: alitafuta neno la kumtetea nalo, akalikosa.

Shafii alirudi siku ya soko. Alikuja moja kwa moja na mfuko wake wa spana, vumbi mpaka kwenye nyusi, akakuta Kaoutar anashona mkono wa blauzi. Hakuinua kichwa.

"Kaoutar."

"Karibu, mheshimiwa. Leo umeshuka ukutani?"

"Nimesikia njiani. Sikujua. Wallahi sikujua."

"Nimekuuliza swali moja kwenye simu. Bado nalisubiri."

Alijikuna shingo. "Fulana."

Cherehani ikasimama. "Na nini?"

"Fulana tu. Na soda."

"Soda gani?"

"Ya machungwa."

Kaoutar alimtazama sasa. Alikuwa amejiandaa kwa pikipiki. Kwa pikipiki alikuwa na matusi ya kutosha, yamepangwa, yamepigwa pasi. Kwa fulana hakuwa na hata moja, ikabidi aanze upya.

"Fulana, Shafii. Mimi nimekesha nikikupa mota mpya kichwani mwangu, kumbe wewe ni fulana! Hata tako la mbuzi linauzwa ghali kuliko hapo. Na rangi yenyewe ya nyasi za bondeni!"

"Walisema wanapiga picha za watu wa mwaloni. Muzungumzaji wao akasema cheka, nikacheka. Akanipa telefone nishike, akaichukua. Mimi sikusema lolote kuhusu mkopo."

"Ndiyo! Hukusema lolote. Wao wakasema kwa kinywa chako. Na ulipoambiwa, ukauliza umetoka vizuri."

"Nilidhani ni mchezo."

"Huyu Éphraïm mimi simchukii. Fisi hachukiwi kwa kuwa fisi. Lakini hakuna mtu hapa angempa fisi telefone yake. Walikupa wewe. Wameingia kwa mlango wako." Aliivuta blauzi kutoka chini ya sindano. "Unajua nilikupendea nini? Si mabega. Nilikupendea ulipomwambia mzee Leonidasi mota yake imekufa, na franga ziko mkononi mwake. Neno moja. Sasa kule ukutani unawaambia watu maiti inapumua."

Shafii alitazama mikono yake kama anayeitafutia kazi. Kisha akachukua mfuko wake wa spana, akaondoka.

Hakuomba msamaha! Hakusema hata "usiku mwema". Kaoutar alishona ule mkono wa blauzi kinyume, akaufumua, akaushona kinyume tena. Alimdharau kwa fulana, akamdharau kwa kuondoka, kisha akajidharau yeye mwenyewe kwa kuitazama simu kila ilipolia. Hakuwa Shafii. Siku moja alikuwa Irakoze, rafiki yake anayeuza mawese Nyanza-Lac.

"Kaoutar! Mwanaume wako iko hapa sokoni anajitukana mwenyewe."

"Sina mwanaume."

"Basi huyu asiye wako amesimama chini ya picha yake, maana siku hizi wamembandika pwani nzima. Ana bati la mafuta machafu ya mota. Amechovya kidole, amejipaka mdomo wote mweusi. Picha, si yeye. Ngoja, na yeye kidogo."

Kaoutar alikaa chini. "Anasema nini?"

"Anasema: jamani, huu uso ni wangu, maneno si yangu. Mimi nilikula fulana na soda, ninyi mmeliwa. Kampuni haina mtu hapa, lakini mimi nipo. Mkitaka kunitukana, anzeni, nimekuja kwa hilo."

"Wakamtukana?"

"Weee! Kuna muke mmoja amemtukana mpaka mimi nimejifunza. Yeye anaitikia, 'Ndiyo mama, ndiyo mama.' Akimaliza kutukanwa, anaomba telefone, anawaonyesha namna ya kuikata ile kitu. Mmoja mmoja, Kaoutar. Jua lote hili. Wanasema alianzia Kabonga, sasa anapanda kuja huko kwenu."

"Amekula?"

"Si umesema si wako?"

"Nimeuliza tu kama binadamu."

"Binadamu nitampa muhogo," alisema Irakoze akicheka.

Alifika Rumonge katikati ya soko, na soko lilikuwa limeshapata habari. Watu walijipanga kama wanasubiri ngoma. Kaoutar alikwenda, akasimama nyuma ya wauza ndizi, amevaa gauni jeusi la kawaida asionekane. Alionekana na kila mtu.

Shafii alichovya kidole, akaupaka mafuta mdomo wa picha, jino kwa jino, mpaka kicheko kikawa shimo. Éphraïm aliruka kutoka chini ya mwavuli.

"Unaharibu mali ya kampuni! Nitakushitaki! Ulikubali mwenyewe!"

"Karatasi ni ya kampuni," alisema Shafii. "Mdomo ni wangu. Nimekuja kuufunga."

"Ulikunywa soda yetu!"

"Nilikunywa. Usogee karibu nikurudishie?" Soko likaangua kicheko, naye Shafii hakucheka. Aliwageukia watu. "Mama zangu. Mliwekeza imani kwa kunitazama mimi. Franga zilizokwenda sina uwezo wa kuzirudisha, na huyu harudishi. Lakini zisiendelee kwenda. Nipeni telefone."

Hakuna aliyesogea. Kisha umati ukapasuka, Mama Mariyamu akapita katikati, kanga kiunoni, mikono bado inanuka samaki. Alisimama mbele ya Shafii, kichwa chake kikimfika kifuani.

"We mutoto. Mimi nilimgombeza mwanangu, nikamwita mchoyo, kwa ajili ya meno yako."

"Ndiyo, mama."

"Alilia. Mwanaume mwenye ndevu, alilia."

"Nitampigia, mama. Nimwambie ni mimi."

Alimtazama sana. Halafu akaingiza mkono kifuani, akatoa simu iliyofungwa kwa kitambaa. "Haya. Na usinibonyezee kitu kingine."

Shafii aliandika neno ACHA, akatuma. Simu ikajibu, naye akasoma kwa sauti: "Je, una uhakika? Alama yako inaweza kushuka."

"Ishuke!" alipiga kelele Mama Mariyamu. "Ishuke mpaka chini ya ziwa, ikaolewe na mamba!"

Baada ya hapo simu zilikuja kama mvua. Éphraïm alikunja mwavuli kabla adhuhuri haijafika. Watu wa namna yake hawaaibiki, huhama tu. Waliomwona akipanda gari kuelekea Muhuta walisema alikuwa tayari anajaribu kipaza sauti.

Jua lilipoanza kulainika na foleni ikawa fupi, Kaoutar alisogea. Shafii alikuwa amekaa juu ya kreti tupu, midomo imekauka.

"Una nini?"

"Njaa."

"Irakoze hakukupa muhogo?"

"Alinipa. Akaniambia ni wa binadamu, si wa mwanaume wako. Sikuelewa."

Kaoutar aliuma mdomo asicheke. "Hukuniomba msamaha."

"Ningeanza na wewe, ungesema nataka kuoa tu."

"Ningesema hivyo."

"Na ungesema kweli. Nataka kuoa tu." Alifuta jasho, akajichora mstari mweusi kwenye paji la uso. "Lakini walioumia kwanza walikuwa wao. Sasa nimefika kwako. Nisamehe, Kaoutar. Niliona uso wangu ni mchezo kwa sababu ni wangu. Sikujua kwamba watu wameuweka akiba."

Alimwacha akae na maneno yake kidogo. Haikumpasa kupata kila kitu siku moja.

"Wazee wako waje Ijumaa," alisema mwishowe. "Baba mkubwa atakataa. Waje hivyohivyo."

Ijumaa walikuja, wazee wanne wenye kofia na kanzu zilizopigwa pasi mpaka mistari ikasimama. Kaoutar alikuwa chumba cha ndani na wanawake, amevaa gauni la hariri ya rangi ya dhahabu, hina ikiwa bado mbichi viganjani. Pazia tu ndilo lililotenganisha vyumba viwili, kwa hiyo hakuna lililofichika. Alimsikia baba yake mkubwa akizipokea salamu, akizihesabu, akizirudisha. Kisha lile swali.

"Kijana wenu tumemwona ukutani. Na tumemwona akijifuta. Mimi sijui nishike lipi. Nani anamdhamini? Simtaki ndugu yake. Ndugu hawezi kusema tofauti."

Wazee walikohoa. Mmoja alianza kutaja kazi ya Shafii, akaachia njiani. Kaoutar aliukunja mkono, hina ikachafuka.

"Mimi," ilisema sauti kando yake.

Mama Mariyamu hakuinuka hata. Aliongea na pazia, kwa nguvu, kama anavyoongea na wenye mitumbwi wakiwa bado majini.

"Mimi niliyeliwa ndiye namdhamini. Wangapi wametula humu mjini? Nani alirudi kusimama juani tumtukane? Huyu namjua. Akikosea tena, mje mgonge kwangu."

Ukumbini mzee Ramazani akacheka kicheko kimoja kifupi, ambacho wanawake hawakuwa wamekisikia kwa miaka. "Haya. Muulizeni binti."

Shangazi mmoja akaingia, akapiga magoti mbele ya Kaoutar, akauliza kama inavyoulizwa. Kaoutar aliinamisha macho. Wanawake walisubiri kidogo, kwa heshima, kisha shangazi akatabasamu, akainuka, akafungua kinywa kupeleka habari inayopelekwa siku zote: amenyamaza, basi amekubali.

"Shangazi, subiri," alisema Kaoutar.

Alisimama. Alivuka chumba, hariri ikisugua sakafu, akalisogeza pazia kwa mkono wenye hina iliyovurugika. Wazee wakageuza nyuso kwa haya. Shafii, aliyekuwa mlangoni na viatu mkononi, hakugeuka.

"Mtu asije akasema nilinyamaza," alisema Kaoutar, sauti ikitoka mpaka barabarani. "Nimeulizwa, nimesikia, nimefikiri. Namtaka. Nasema kwa kinywa changu: ndiyo."